Njia ya Kokoto Hadi Kasaji

Komini ya Manika,
Kolwezi.
Tarehe 20 Agosti 1995

Mpendwa mdogo wangu Kitenge,

Nakusalimu kwa furaha nyingi. Hujambo huko Ufaransa? Kifua chako kinaendeleaje na baridi? Na mkeo Hélène, mgongo umemwachia? Sisi hapa tu wazima. Mpwa wako Abigaëlle ameng'oka meno ya mbele, sasa anacheka akiwa amefunika mdomo. Shemeji yako Kanku anakohoa kidogo kwa ajili ya vumbi la kiangazi, lakini mtu anayemaliza sahani ya bukari namna ile siwezi kumwita mgonjwa.

Barua yako ilifika kwa mkono wa sista mmoja aliyetoka Lubumbashi. Tuliisoma sote, hasa pale unapoeleza njia za changarawe unazopita kwa baiskeli siku za Jumapili, mahali walipong'oa reli ya zamani, hakuna gari hata moja, ni ng'ombe tu na mashamba ya ngano na kengele ya kanisa. Kanku alicheka mpaka akashika mbavu aliposikia kwamba watu wazima, wenye magari nyumbani, wanavaa kaptula za kubana, wanaendesha siku nzima, kisha wanarudi kule kule walikotoka.

Umeuliza kama kwetu kuna njia ya namna hiyo. Ipo, mdogo wangu. Sikukuandikia habari zake mapema kwa sababu posta ilikuwa imekufa, na baadaye nikakosa pa kuanzia.

Mambo ya mwaka 1993 uliyasikia redioni. Kazi kiwandani ilikuwa imesimama, mishahara hakuna, halafu vijana wakaanza kupita mitaani wakipiga kelele kwamba Wakasai wote waende kwao. Wazazi wa Kanku ndio waliotoka Kasai; yeye amezaliwa hapa hapa, Kasai hajaiona hata siku moja. Majirani zetu wa kushoto na wa kulia walibeba magodoro mpaka stesheni, wakangoja treni majuma na majuma, mvua ikiwanyeshea. Watoto walikufa pale. Nilikuwa nawapelekea uji.

Ndipo mjomba wetu Tata Nkulu alipokuja kwetu. Hakuketi.

"Mado, weye ni mutoto yetu," aliniambia, mume wangu akiwa pale pale anasikia. "Utabakia na mutoto wako. Bwana yako na mama yake baende kwabo."

"Kwabo ni wapi, tata?"

"Kasai."

"Mi niliolewa na mutu wa Manika. Kwabo ni hapa. Akitoka, tunatoka bote."

Aliondoka bila kunywa hata maji.

Kutoka kulikuwa lazima, lakini kutokea wapi? Mama mkwe wangu, Mama Ndaya, miguu yake ilikuwa imevimba. Stesheni asingemaliza juma. Barabara kubwa vijana walikuwa wameifunga kwa magogo. Nikamkumbuka shangazi yetu Adolphine wa Kasaji, kule magharibi, upande ambao hakuna aliyekuwa akikimbilia. Kando ya reli ya kwenda huko kuna njia nyembamba ya kokoto waliyokuwa wakipita watu wa kutengeneza reli. Treni za upande ule zilikuwa karibu zimesahauliwa, na gari haliwezi kupenya. Tulikuwa na baiskeli, ya Kanku na yangu ya kwendea shuleni kufundisha. Kanku akambeba Abigaëlle na mizigo. Mimi nikambeba mama mkwe, juu ya mto.

Huyu mama unamjua kwa sifa tu. Alitaka mwanawe aoe msichana wa kwao. Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuniita kwa jina, nilikuwa "ule muke". Asubuhi ile alinikumbatia kiuno kwa mikono yote miwili, akisali kwa Kiluba cha Kasai kila tairi lilipogonga jiwe.

Hofu yangu kubwa ilikuwa daraja la reli pale mto Lualaba. Tulipolikaribia, mzee mmoja akatoka kibandani, panga mkononi. Jina lake, tulilijua baadaye, ni Tata Kisimba, mlinzi wa daraja ambaye hakuwa amelipwa kwa muda mrefu lakini hakuacha kuja kazini.

"Muko batu ya wapi?" aliuliza.

Nilikuwa nimeandaa uongo wangu tangu nyumbani. Kanku akanitangulia.

"Mi ni Muluba wa Kasai, tata. Nilizalikia hapa Kolwezi."

Nikashusha macho kwenye kokoto. Nilisikia maji yakipita chini.

"Sikuuliza kabila," mzee akasema. "Nauliza juu ya mbao za daraja, zilioza. Batu ya huku banajua pa kukanyaga. Benyi habajue banaanguka. Munifuate."

Akaliweka panga begani, akamshika mama mkwe mkono, akatuvusha akigonga kila ubao kwa kisigino kabla hatujaukanyaga. Upande wa pili Kanku alimshukuru. Mzee alituambia tu tuwahi, mvua inakuja.

Baada ya hapo, Kitenge, ndipo nilipoiona njia. Mvua ilikuwa imeziosha kokoto, zinang'aa. Msitu pande zote, uyoga umeota hadi kati ya reli, vipepeo wa manjano juu ya kila dimbwi. Hakuna mlio wa injini, hakuna wa kutuuliza kitu. Penye mlima tulisukuma, penye mteremko tukaachia breki. Na kwenye mteremko mmoja mrefu kabla ya stesheni ya Mutshatsha, nilisikia kicheko nyuma ya mgongo wangu. Alikuwa Mama Ndaya.

"Kimbiza!" ananiambia. "Kimbiza, tupite Kanku!"

Tulimpita. Abigaëlle alilia kwa wivu.

Siku iliyofuata tulisimama kwenye kijito ambapo wanawake walikuwa wakitoa mihogo majini. Mmoja akaniuliza huyu mama mzee ni nani wangu. Sijafungua mdomo, yeye mwenyewe akajibu.

"Mi ni mama yake."

"Mama mukwe?"

"Nasema mama."

Nilijifanya ninakaza mnyororo, mpaka macho yakauke.

Shangazi Adolphine alitupokea kwa mikono miwili, akachinja kuku aliyekuwa bado anatamia, na mpaka leo analalamika juu ya mayai yale. Kanku alitengeneza baiskeli za watu sokoni, mimi nikafundisha watoto kwenye kanisa la majani. Hatukulala njaa.

Mwezi wa sita mwaka huu tulirudi Kolwezi. Nilitegemea kukuta watu wengine nyumbani. Nikamkuta Tata Nkulu, amelala sebuleni kwenye mkeka, kama alivyolala tangu tulipoondoka, akizuia watu wasiingie. Ameota mvi kichwa kizima. Alimpa Kanku funguo, akamwambia, "Bwana, paa inavuja upande wa jiko." Kanku akazipokea, akaenda kutazama paa.

Wengi hawajarudi. Nyumba ya kushoto haina tena madirisha, na ya kulia imeota majani hadi mlangoni. Asubuhi bado nageuka kuwaamkia. Mama Ndaya amekataa kuondoka Kasaji. Yeye na shangazi wanagombana kutwa juu ya mbuzi mmoja, na wote wawili wamenenepa.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, Kanku na mimi tulitoka kwa baiskeli, bila mzigo, tukafuata reli mpaka mji ukapotea nyuma yetu. Tulikula kalanga chini ya mti. Kanku akavua viatu, akajilaza majanini, akapitiwa na usingizi mchana kweupe, mdomo wazi. Tangu mwaka ule alikuwa akishtuka kwa kila mlio. Pikipiki ilipita mbali, hakufungua jicho. Nilikaa pale namfukuzia inzi mpaka jua likapoa.

Nisalimie sana Hélène na wazazi wake. Tata Nkulu, shangazi Adolphine na Mama Ndaya wanakusalimu, na Abigaëlle anataka kujua kama ng'ombe wa huko wanauma. Mungu akulinde njiani, unapokwenda na unaporudi.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,

Mado