Barafu Ndani ya Injini

Kiwanja cha Ndege, Ilemela,
Mwanza

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yako yanasemaje na mvua hizi? Kahawa imechumwa, au shangazi bado analalamika tu? Mimi ni mzima, na kazi ya ufundi inaendelea. Ila nimechaguliwa kwenda kusomea urubani, na sijajibu kwa sababu nataka ruhusa yako. Kabla hujaamua, nikueleze safari yetu ya kurudi huku nilipotoka kuwatembelea.

Pale Bukoba rubani wa ndege ya dawa alipima mizigo yote. Alipogeuka kuzungumza na mganga wa zahanati, wewe na shangazi mkasukuma mikungu ya ndizi nyuma kabisa ya viti, maana mgeni haondoki kwetu mikono mitupu. Mama, ninyi mna vituko.

Tukiwa juu ya ziwa, karibu kufika, injini ikakohoa na nguvu ikapungua. Nilitaka rubani ainue pua ya ndege tusiguse maji, yeye akaisukuma chini.

"Nikiinua, mwendo unakwisha," akasema. "Mabawa hayabebi tena. Tunadondoka."

Lakini pua ilikuwa ikipanda yenyewe kwa uzito wa mkia, na king'ora cha kuonya kikaanza kulia. Akaniuliza kuna nini nyuma. Nikamwambia. Hakugomba, aliniambia nivute mikungu mbele upesi, nami nikaipakata. Pua ikatii. Muda huo alikuwa amevuta mpini unaopeleka hewa ya moto kwenye kabureta. Injini ikakohoa zaidi, kisha ikaamka, tukiwa chini kiasi cha kuona sura za wavuvi. Niliogopa sana, Mama.

Unajua kilichoiziba? Barafu. Hewa yenye unyevu ikichanganyika na petroli mle ndani ya kabureta hupoa mno, na ule unyevu huganda. Barafu, mchana wa jua la Mwanza! Tulipotua nilifungua kabureta kuitafuta, nikakuta majimaji tu. Mpaka leo nakereka kwamba sikuiona.

Wengine hapa walinishauri nikufiche haya mpaka ukubali. Nimeshindwa. Tangu Baba afariki unanitegemea kwa shamba, na una haki ya kujua unamruhusu mwanao aende wapi.

Msalimie shangazi, dada na watoto wake, na mjomba katibu wa kijiji.

Najua utauliza niliomba sala gani injini ilipolegea. Sikuomba, Mama. Nilikuwa namwuliza rubani kwa nini, na hata alipokuwa akihangaika sikunyamaza. Naomba uniruhusu nikajue.

Mwanao,
Rwegoshora