Mama Tuliyemzika Al Amerat

Matrah, Maskati
Alkhamisi

Kwako Dada yangu Zakiya,

Kabla sijakuamkia, nakuomba kwa haki ya ziwa moja tulilonyonya: utakayoyasoma humu yasitoke. Usimsomee shemeji, usimwambie shangazi, wala usinitumie ujumbe wa simu kuniuliza. Baba macho yake hayasomi tena, na kila sauti yako ikiingia hutaka asikilizishwe. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Anjelina aliyekuletea bahasha hii ni shoga yake Stefania, mfanyakazi wetu anayemtunza Baba; anakwenda likizo kwao, na hajui kilichomo. Ukishamaliza, ichome barua, ubakishe bahasha.

Assalamu alaykum, Dada. U hali gani? Shemeji hajambo, na watoto? Nimesikia Ghadeer ameanza skuli na viatu hataki. Mwache, kamfuata mjomba wake. Sisi wa Al Amerat tuna uzima. Baba anakula, anameza dawa zake za sukari bila ya kubembelezwa, na usingizi anaupata. Hilo la usingizi ndilo lililonifanya nikuandikie, na ndilo linaloniuma.

Unakumbuka nilipopata kazi hii ulivyonicheka, ukasema nimesoma miaka yote ile nije kuwa karani wa mafuvu. Kweli kazi yenyewe ni hiyo. Barabara mpya haipiti mahali mpaka watu wetu wa mambo ya kale wachimbe kwanza, na kila kinachotoka ardhini mimi nakiandika, nakipa namba, nakipanga rafuni kwenye ghala. Nilikuwa naipenda, Dada. Nilikuwa nikikupigia kukuhadithia mawe yaliyochongwa kule Dhofar, ya watu waliotoka Afrika zaidi ya miaka laki moja nyuma. Ukanijibu kwamba kumbe wao walivuka bila ya kuulizwa pasi, na babu yetu alipotoka Unguja mwaka ule wa sabini na kitu aliwekwa bandarini kutwa nzima akihojiwa ni wa kabila gani.

Mwaka huu tulichimba kandokando ya wadi, ule mto mkavu unaoujua. Chini ya kokoto tukakuta makaburi ya watu waliokuwa wakiyeyusha shaba na kuisafirisha nchi za mbali, miaka elfu nne iliyopita. Mengi yalikuwa ya mduara, watu wamewekwa pamoja kizazi juu ya kizazi, mifupa imechanganyika. Mmoja tu alikuwa peke yake. Mwanamke, kalazwa ubavu wa kulia, magoti kakunja, mikono mbele ya uso kama mtu anayejikinga jua, na shingoni shanga moja ya akiki.

Kosa langu la mwanzo ni kwamba nilikwenda kumsimulia mezani. Nilidhani namchangamsha Baba. Nikamwambia tumempata mwanamke kwenye wadi, na namna alivyolala. Baba akaweka mkono wake wa wali juu ya sahani, hakuuinua tena. Akaniuliza ni sehemu gani. Nikamwambia. Akauliza tena, kana kwamba sikusema.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne siku ya kimbunga cha Gonu, unakumbuka kuliko mimi. Mimi nakumbuka gari ikielea, na Baba amenishika mimi kwa mkono mmoja na Mama kwa mwengine, kisha mkono mmoja tu, wangu. Unajua vilevile kwamba Baba hakukubali Mama asaliwe sala ya asiyekuwepo, ingawa mwili wake haukuonekana, na kwamba kila Ijumaa, mpaka macho yalipomkatalia, alikuwa akienda kuyageuza mawe ya ile wadi kwa bakora.

Nikamweleza kwamba huyu ni wa zamani sana, wataalamu wameona. Akasema wataalamu hawakuwemo ndani ya maji yale. Maji, akasema, kwa siku moja hufukia kuliko miaka elfu. Tangu hapo hakula. Stefania alijaribu kila hila. Akamtania kwamba mzee akifa na njaa watu watasema Mhaya kamnyima chakula Mwarabu. Hakucheka. Akamuuliza Stefania kama kwao Wakristo mtu huweza kuzikwa mifupa mitupu. Stefania akanipigia kazini, akasema, "Kaka Jaifar, mzee ananitisha. Ameniagiza kitambaa cheupe na kafuri."

Siku ya pili yake mlinzi wa ghala akaniita, kuna mzee getini. Dada, alikuwa amekaa juu ya ukingo wa njia, juani, sanda iliyokunjwa iko mapajani. Alikodi teksi kutoka Al Amerat peke yake. Nikamrudisha nyumbani. Kesho yake akaja tena. Mlinzi akaanza kuuliza maswali, nami nikaogopa atampeleka kwa mkurugenzi, na mkurugenzi atamwambia kwa upole, kwa Kiarabu kizuri, kwamba haiwezekani.

Nikakaa naye pale chini. Akasema, "Mimi ndiye niliyemwachia mkono, Jaifar. Nnataka nimlaze tu." Halafu akaniuliza kama mfupa wa mkono wa kushoto una alama ya kuungwa. Unajua kwa nini: Mama alianguka kwenye pembea za sikukuu Mnazi Mmoja, bado mdogo, na ule mkono haukunyooka tena.

Nikamwambia, "Ndiyo, Baba, unayo."

Yaliyobaki nilikuhadithia kwa simu. Sikukwambia tu kwamba hapakuwa na ruhusa yoyote, na kwamba nilimtoa ghalani ndani ya begi langu la mazoezi, kidogokidogo, nikimwomba radhi kila safari. Tulimzika tukiwa Baba, mimi na jirani yetu Sleyum, ambaye naye aliamini. Tukamwekea mawe matatu, kama desturi ya huku kwa kaburi la mwanamke. Baba alimsalia, akashuka kaburini mwenyewe, macho yake hayaoni kitu, akampapasa ndani ya sanda kuanzia kichwa, akamlaza kuelekea kibla. Jioni ile akala sahani nzima. Wewe ukasoma khitma Unguja, ukanambia kwamba kwa mara ya kwanza umemlilia Mama kama watu wengine wanavyolilia mama zao.

Dada yangu, nisamehe. Yule si Mama.

Na sikukosea, nilijua. Mimi mwenyewe niliandika kwa mkono wangu kwamba mikono yake yote miwili ni mizima. Niliandika umri wa mifupa yake kabla Baba hajaweka mkono sahanini. Mama yetu bado yuko huko maji yalikompeleka, na leo ninakunyang'anya tena, kwa wino, nikiwa mbali na siwezi hata kukushika bega.

Ningelinyamaza mpaka kufa kwangu. Lakini daktari wa mifupa wa Kitaliana aliyekuja mwanzo wa uchimbaji aliondoka na jino moja la yule mwanamke, na majibu yametoka. Anasema jino hujengeka mtu akiwa mtoto, na huweka ndani yake alama ya maji aliyokunywa wakati huo. Yule mwanamke hakukulia nchi hii. Alitoka mbali, pengine ng'ambo ya bahari, upande shanga yake ilikotoka. Aliletwa hapa, au alikuja, akafia kwa watu wengine, nao wakamzika kwa heshima peke yake. Ofisi nzima inafurahi. Wanasema atatufundisha mengi juu ya watu wa kale na safari zao. Nilisoma yale majibu nikamkumbuka Mama, alivyokuwa akiyaonja maji ya hapa na kusema hayana utamu wa maji ya Unguja. Nikaenda chooni nikalia.

Daktari anarudi Jumapili ijayo kuchukua sehemu nyengine. Boksi liko rafuni na namba yake. Ndani nimetia kokoto za wadi ili liwe na uzito.

Nimeamua kwenda kwa mkurugenzi kabla halijafunguliwa. Naogopa, sikufichi. Jela siiogopi kama ninavyoiogopa siku watakapokuja makaburini na karatasi zao, wafukue, na mtu amwambie Baba kwamba mkono ule aliolaza si ule aliouachia. Mimi siwezi kumwambia. Nimejaribu mara nyingi. Huninyamazisha kwa kuniuliza kama nimepita kumsalimia Mama yangu. Stefania anajua yote. Kanambia, "Mwite dada yako. Hili ni la binti kumwambia baba, siyo la mfanyakazi."

Basi ninakuita. Najua ulipanga kuja mfungo ukiisha, na watoto, mzuru kaburi. Njoo sasa, njoo peke yako.

Nisalimie shemeji na wanangu wote, umbusu Ghadeer kwenye vidole vyake visivyotaka viatu. Shangazi mwambie tu kwamba Baba analala vizuri, kwa maana mpaka leo hilo ni kweli.

Ndugu yako akupendaye,
Jaifar

Namna ya kunipata: namba yangu usiipige, huenda simu nitakuwa nimeshanyang'anywa. Namba ya Stefania iko nyuma ya bahasha. Mpigie ukiwa uwanja wa ndege, umwambie umekuja kumwangalia Baba, basi. Usije Matrah ofisini. Ukinikosa nyumbani, nenda makaburini nyuma ya msikiti wetu, safu ya mwisho iliyo karibu na ukuta, mawe matatu yasiyo na jina. Nikiwa bado huru, kila alasiri nitakuwa hapo. Usinipe mkono kwanza. Anza kumwombea yeye, alitoka mbali na hana mtu mwengine hapa, kisha ndipo tukae tumlilie Mama.