Kitako cha Mtu wa Mashoto

Huğlu, Oktoba

Shemeji Nihat,

Sisi wazima. Mwambie dada biringanya zake nilizoanika zimeshakauka, nitamtumia.

Kitako cha bunduki yako nimekichonga kwa mti wa jozi uliokauka miaka sita, nikakipiga msasa na kukipaka mafuta mara tisa. Ila vipimo ulivyoandika kuwa ni vyako haviniingii akilini. Wewe una mikono mifupi na unalenga kwa mkono wa kulia. Hivi ni vya mtu wa mashoto, mwenye mkono mrefu na bega lililoteguka. Nimewahi kumpimia mmoja tu wa namna hiyo, mdogo wangu Kerim, ambaye wewe ndiye uliyetuletea viatu vyake ukasema mto umemchukua. Ulidhani namba hazina sura, shemeji.

Jana Mama alikishika.

“Huyu wa mashoto ni nani?”

“Mteja wa mbali, Mama.”

“Toka lini unanijibu bila kunitazama?”

Mafuta ya mwisho hatupaki mpaka mwenye bunduki aje aweke shavu kwenye kitako tuone kama kinamkaa, unaijua desturi yetu. Basi aje mwenyewe. Mama bado anamsomea Kerim Yasini kila Alhamisi. Nijibu: nimwambie aache?

Shemeji yako,
Rıfkı