Boneti ya Mustang Juu ya Pilau

Hafsa, shoga, uko wapi? Mume wangu Tahiri leo nusura apasuke kwa hasira.

Ile Mustang yake kuukuu, miaka minne anaifufua hapa uani Chumbageni. Kutu kaikwangua kwa mkono, injini kubwa zaidi kaifunga mwenyewe. Jana kaipiga boneti rangi nyekundu, mkono wa tatu, akailaza juu ya viti viwili ikauke.

Leo khitma ya babu yake. Anarudi kutoka msikitini, anakuta sufuria kubwa la pilau limefunikwa kwa boneti. BONETI! Na juu yake makaa yanawaka!

Kumbe shangazi yake, Bi Chiku wa Tongoni, kakosa mfuniko wa kupalia makaa.

Tahiri kapiga ukelele mpaka waliokuwa wakisoma barazani wakanyamaza. "Shangazi! Umepalia makaa juu ya boneti yangu?"

Wala hakugeuka. "Si chuma hiki? Kwani chuma kinaungua?"

Eti si chuma hiki! Shoga, rangi yote imefanya malengelenge, nyekundu imekuwa nyeusi.

"Miaka minne, shangazi! Miaka minne!"

"Khitma ya baba yangu ndiyo kubwa, au hicho kigari chako?"

Kasema kwa sauti ileile anayoombea chumvi!

Tahiri kakataa kula. Kajifungia ndani ya gari lisilo na boneti, vioo kapandisha vyote. Na sasa hivi ninavyokuandikia, shangazi yuko nje na sahani mkononi, anamgongea kioo:

"Fungua, mwanangu. Nimekuwekea ukoko."