Kijiwe cha Kulwa

Jumatatu, 6 Machi 1950
Natunga ushanga mweupe tangu asubuhi. Macho yanawasha. Nimemaliza bangili za shaba alizoagiza sonara Kanji, na waya uliobaki nimefungia kijiwe cha mamkwe. Amekiokota akipalilia karanga. Cheupe chenye ukungu, kama kipande cha shabu. Anataka Kulwa akivae shingoni. Sikubishana, kumbishia ni kujitafutia maneno. Doto, pacha wake, amelia akitaka chake. Kiko kimoja tu.

Jumatano, 8 Machi
Nimepeleka bangili kwa Kanji. Nikamkalisha Kulwa karibu na kabati la vioo. Akainama, kijiwe kikachora kioo. Mstari mrefu. Nikaanza kuomba radhi. Kanji hakunikemea. Alikitazama kile kijiwe, akarudi nyuma.
“Mama Kulwa, mimi sijaona kitu. Nenda nyumbani.”
Nimeelewa nikiwa njiani. Kukutwa na almasi ni jela, na Baba Kulwa anafanya kazi huko huko kwenye mgodi wa almasi! Getini wanakaguliwa mpaka katikati ya vidole vya miguu. Nani ataamini habari za shamba la karanga?
Nimejaribu kwenye kioo changu cha kujitazamia. Kimechora.

Alhamisi, 9 Machi
Naogopa. Kila anayepiga hodi namwona askari. Nilitaka kukitupa chooni, mamkwe amekataa katakata. Kitu cha pacha hakitupwi, mtoto atakifuata. Nikamweleza habari za jela. Ati jiwe la shambani kwake, jela ya nini.
Doto ana homa. Mamkwe anasema sababu anaijua: umempa mmoja, umemnyima mwenzake. Hilo siwezi kulipinga. Nami nimelelewa hivyo hivyo.

Ijumaa, 10 Machi
Nimerudi kisimani nikasikia nyundo. Mamkwe amekipasua kijiwe juu ya jiwe la kusagia, ili kila mtoto apate chake. Mayu, mama yangu! Vipande viwili.
Nilifurahi kidogo. Watu husema almasi haivunjiki. Basi ni chupa tu, nikajiambia. Nikapitisha kipande kimoja kwenye kioo. Kikachora. Nikapitisha cha pili. Kikachora.
Jana nilikuwa na kosa moja. Leo ninayo mawili, shingoni mwa watoto wangu. Na homa ya Doto imeshuka. Mamkwe anatabasamu tu. Namchukia leo.

Jumamosi, 11 Machi
Wamekuja. Kuna kitu kimepotea mgodini, wanapekua nyumba zote za wafanyakazi. Wamemwaga ushanga wangu sakafuni, wamechana godoro, wamechungulia hadi ndani ya chungu cha maharage. Mimi nimesimama ukutani, mkojo unanibana.
Askari mmoja, Msukuma, akachuchumaa mbele ya watoto. Akashika kijiwe cha Doto.
“Hiki nini, mayu?”
Mamkwe ndiye aliyejibu.
“Shabu ya mapacha. Na ukishagusa cha mmoja, gusa na cha mwenzake. Usiniletee homa hapa.”
Akagusa cha Kulwa upesi, akafuta vidole kwenye kaptula. Wakaenda kwa jirani.
Nimeokota ushanga mmoja mmoja mpaka giza.

Jumapili, 12 Machi
Baba Kulwa amekuja kutoka kambi ya mgodini. Nimemwambia yote. Hakunigombeza. Amekaa chini, akainuka kukagua komeo, akakaa tena. Sijawahi kumwona hivyo, na hilo limenitisha kuliko askari.
Tumevifukia shambani. Mamkwe amekubali kwa sharti moja: shimo liwe moja, na vitumbukie pamoja. Watoto nimewatungia shanga za chupa, za bluu, sawasawa.

Jumatano, 19 Aprili
Mvua imepungua. Watoto wazima. Mistari mitatu iko pale pale kwenye kioo changu, nachania nywele upande wa pili.
Jioni mamkwe ametoka shambani, ngumi ameifumba. Nikajua amevifukua. Mama, fungua mkono, nikamwambia. Sikujua ningeweza kumwambia hivyo. Akaufungua kwa hasira.
Karanga mbili. Moja ya Kulwa, moja ya Doto.