Mama Yupo, Wifi, na Amekula

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Wifi yangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo. Hujambo huko uliko? Kile kifua kimepoa, au bado baridi inakukoholesha? Na huyo bwana wako anayejisifu kwa mapishi, ameshajifunza kutounguza sufuria? Mpe pole zangu, na wewe unayekula nakupa pole zaidi.

Sisi hatujambo, kwa kadiri ya watu wasiolala. Mtoto wetu, yule tunayemwita Kifungo, ametoa jino la kwanza, la chini, na kila anayekuja ananipongeza kama vile nimelichonga mimi. Kaka yako ni mzima ila mgongo. Mimi ni mzima pia. Ukiniuliza najisikiaje, nitakwambia hili tu: Najikuta nimesimama kwenye sinki na sahani mkononi, sahani ni safi, na sikumbuki kuiosha.

Nakuandikia kwa sababu ya simu ile. Nilikwambia Mama amekula, usikate tiketi, kisha nikaikata simu. Ukapiga tena ukaniuliza kama nakuficha. Ukampigia kaka yako ukamuuliza hivyo hivyo, ukataka usikie sauti ya Mama, naye akakwambia amelala. Kweli alikuwa amelala, lakini najua ulivyolipokea neno hilo. Walio mbali huambiwa mgonjwa anaendelea vizuri, wakifika wanakuta viatu vimejaa mlangoni.

Mama hajafa, Wifi. Nilikata simu kwa sababu alikuwa kitandani ananikazia macho, na jambo lenyewe ni lake, halisemeki kwenye nyumba ambayo mtu akipiga chafya sebuleni anaombewa afya jikoni. Sasa ameniruhusu nikueleze wewe peke yako. Barua anakuletea mwenzangu wa kliniki, Mrefu, ambaye anakuja kwenye huo mkutano wenu wa dunia wa watu wa usafi wa kinywa. Atakukabidhi mkononi. Ukimaliza kuisoma usiiache mezani.

Unakumbuka Mama alipotoka hospitali baada ya kiharusi, mkono wa kulia umelegea na maneno yanamponyoka. Mwanzoni alikula kidogo kidogo. Halafu akaanza kutema. Halafu akafunga mdomo kabisa, akageuka ukutani. Ukimsogezea kijiko anakaza midomo kama mtoto, na ukimsihi machozi yanamtoka bila sauti.

Daktari akasema Jumatatu tumpelekee jibu: awekewe mpira wa kulishia puani, au tumwache apumzike nyumbani. Basi kaka yenu mkubwa, Mzee wa Vikao, akapata kazi yake. Akaitisha kikao sebuleni. Akasema mtu mzima akifunga mdomo mwenyewe ameshachagua, asisumbuliwe, aitwe binti yake aje amuage. Ndipo ukaletewa ule ujumbe, ukajibu kwamba unaacha mkutano na hotuba yako na unakuja.

Mume wangu alilia kwenye kikao hicho. Mimi nilikuwa nje naanika nepi, nikayasikia yote kupitia dirishani. Nilibana nepi ya mwisho, nikaokota kapu, nikaingia ndani. Hakuna kilichoniuma. Nikawaza labda moyo wangu umetangulia kufa.

Alhamisi mchana Kifungo akakataa kunyonya. Nilipomfungua kinywa nikakuta utando mweupe kwenye ulimi na mashavu, kama maziwa yaliyoganda. Matone ya dawa tulikuwa nayo. Nikaketi kando ya kitanda cha Mama, maana pale ndipo penye mwanga, nikazungushia kidole kitambaa cha maji ya vuguvugu, nikampangusa polepole, nikamtilia matone. Alipiga kelele za kuitisha kikao kingine, kisha akatulia.

Nilipoinua macho nikamwona Mama ameuacha ukuta. Hakuwa anamtazama mtoto. Alikuwa anakitazama kidole changu.

Na hapo nikaisikia ile harufu ya kinywa kisichosafishwa. Nimeisikia kliniki maelfu ya mara. Chumbani mle ilikuwepo siku zote hizo, nami nilikuwa nimeipa jina la ugonjwa nikapita nayo.

Wifi, sasa nakwambia lile lenyewe. Safu ya juu ya meno ya Mama si yake. Ni meno ya bandia. Siku ya kwanza nilipoletwa kwenu niliyaona yamekaa sawasawa mno, nikahisi. Lakini mkwe hamchungulii mama mkwe mdomoni. Mtu ambaye nikiingia anajifunika kanga mpaka kidevuni, nimwambie nini? Alipolazwa nikajua hospitali wameyaona, wameyatoa. Kumbe nesi aliuliza vizuri tu siku ya kwanza kama mgonjwa ana meno ya bandia, na kaka yako akajibu kwa fahari kwamba mama yake ana meno yake yote mpaka leo. Nesi akaandika hapana. Mama alisikia, ila hakuwa na ulimi wa kukanusha, na hata angekuwa nao sidhani angekanusha. Tangu hapo hayakutolewa.

Nilimlaza Kifungo, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikarudi nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikamwambia:

"Mama, leo mimi si mkwe wako. Mimi ni mtu wa meno. Niruhusu."

Alifumba macho. Alikaa hivyo mpaka nikadhani amekataa. Kisha akafungua kinywa.

Kazi unaijua, sikufundishi. Nilimlaza ubavu ili maji yasimwendee mapafuni, nikaweka taulo chini ya shavu, nikavaa glavu. Bamba la juu lilikuwa limegandamana na kaakaa. Sikulivuta, nililegeza pembeni kidogo kidogo kwa kidole mpaka hewa ikapita, likaachia. Chini yake kulikuwa na chakula cha hospitali. Kaakaa jekundu kama nyama mbichi, vidonda kwenye ufizi, na utando ule ule mweupe wa Kifungo, ila wa kitu kizima. Meno ya chini, yale yake, yamevaa ukoga. Mtu ana moto mdomoni na sisi tunamsihi ale.

Nilisafisha kama ninavyosafisha kwa yeyote anayeketi kwenye kiti changu, kulia kwenda kushoto, kwa mswaki laini niliomnunulia Kifungo. Mama alinishika upindo wa gauni kwa ule mkono mzima na hakuuachia mpaka mwisho.

Nikampa uji uliopoa. Kijiko kimoja. Akameza. Nikangoja. Akafungua mdomo mwenyewe.

Ungefikiri nilipiga vigelegele. Nilikitazama kijiko nikawaza kwamba kinataka kuoshwa. Nakwambia kweli jinsi ilivyokuwa, usije ukanisifu kwa hisia ambazo sikuwa nazo.

Mara mlango ukagongwa. Mzee wa Vikao anauliza kwa nini tumejifungia, wazee wamefika, wanataka kumwona mgonjwa. Mama akanivuta karibu. Maneno yalitoka yamelegea, bila meno ya juu, ila niliyasikia yote:

"Mwambie kikao kimeahirishwa."

Nikaenda nikamwambia hivyo hivyo kupitia mlangoni. Nikasikia viatu vyake vinarudi sebuleni taratibu, kama mtu aliyeachishwa kazi.

Kesho yake daktari wa meno wa kliniki yetu alikuja nyumbani, akatoa dawa ya kinywa, akaagiza meno yasirudishwe mpaka vidonda vikauke. Yule wa hospitali naye ameambiwa anachohitaji kujua, na habari ya mpira wa puani haipo tena. Yale meno yapo kwenye kikombe dirishani, chini ya kitambaa. Kaka yako aliuliza ni nini, Mama akamwambia ni dawa ya kichefuchefu, usiiguse. Akaamini. Kifungo na bibi yake wote hawana meno ya juu, nikamwambia Mama wamekuwa pacha. Akacheka, na mkono ukapanda mdomoni kama siku zote. Miaka yote nilidhani ule mkono ni madaha.

Amenisimulia kwa vipande, anasema kidogo, anapumzika. Yaliharibika alipokuwa na mimba yako, wewe kitinda mimba. Fizi zilikuwa zinatoka damu, akaambiwa ni kawaida, kila mtoto huja na kuondoka na jino la mama yake. Akaambiwa panapotoka damu pasipigwe mswaki. Akaacha kupiga. Ulipofika umri wa kutambaa yote ya juu yalikuwa yanacheza, yakang'olewa. Alikuwa mdogo kuliko mimi nilivyo sasa. Baba yenu alijua, akanyamaza mpaka alipoingia kaburini.

Kwa hiyo ulipotaka uuguzi naye akakung'ang'aniza ukasomee usafi wa meno, ukalia wiki nzima ukisema mama gani huyu anamchagulia mtoto ukoga, sababu ndiyo hiyo. Na mimi nilipoletwa, kaka yako akasema kazi yangu, Mama akanikubali kabla chai haijamiminwa. Nilidhani ni tabia yangu njema.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Nyumba ina watu wawili wa kinywa, mmoja anasafiri dunia nzima kwa kazi hiyo, na mwenye nyumba alikuwa anakufa njaa kwa kinywa. Sikwambii ili uumie. Nakwambia kwa sababu ya hotuba yako.

Usiiache, Wifi. Hapo nakushika mkono kwa nguvu. Nenda ukapande jukwaani kama ulivyopangiwa. Hospitali yetu haikuwa mbaya. Walimgeuza kila mara, hana hata kidonda kimoja mgongoni. Walipima maji yaliyoingia na yaliyotoka. Kinywa tu ndicho kilikuwa hakina mwenyewe. Kiliulizwa mara moja, mtoto mwenye fahari akajibu, ikaishia hapo. Sasa wewe uko na watu wa nchi nyingi, kila mmoja amekuja na vitabu vyake. Waulize: kwenu, kumfungua kinywa mtu asiyeweza kuinua mkono ni kazi ya nani? Atakayekuwa na jibu, lichukue jibu lake uniletee. Lakini usiseme ni mama yako. Sema ni mgonjwa mmoja.

Mimi nimeshamwendea muuguzi mkuu wa wadi ile. Hakununa. Alisema nesi ni mmoja usiku na wagonjwa ni wengi, na kinywa wao walifundishwa somo moja, siku ya mvua. Amenipa nafasi wakati wa chai yao nikawaonyeshe: namna ya kumlaza, namna ya kuuliza mgonjwa mwenyewe bila watoto wake kusimama pale. Nitakwenda na Kifungo mgongoni, sina wa kumwachia.

Sikudanganyi kwamba Mama amepona. Mkono bado. Daktari anasema kiharusi kinaweza kurudi. Lakini anakula, na jana aliutukana uji wangu kwamba hauna sukari, nikamjibu sukari asahau, tukagombana vizuri.

Njoo likizo yako kama tulivyopanga, na nguo za rangi, si za msiba. Na ukija usije mgeni, Wifi. Nitakupa zamu ya asubuhi, mswaki na taulo viko kwenye rafu. Nimechoka, nakwambia wewe kwa kuwa hutalitangaza. Sijalia bado. Nimemwekea akiba mtu wa kulia naye.

Wasalimie bwana wako na watoto, wapigishe mswaki kabla ya kulala hata wakikasirika. Kaka yako anakusalimu. Mzee wa Vikao anakusalimu na anasema mkifika kutakuwa na kikao. Kifungo anakusalimu kwa jino lake. Mungu akulinde njiani, akupe sauti jukwaani, na akuweke mpaka tuonane.

Salamu za Mama nimeziacha mwisho. Nilimwambia huamini kwamba yu hai, unataka kusikia sauti yake, na kwenye simu ulimi wake hautaeleweka. Akafikiri. Akasema ulipokuwa mdogo uliamka ukaenda kunywa maji, ukaona meno yanakuchekea ndani ya kikombe. Ukapiga ukelele, naye akakubeba akakurudisha kitandani na kukwambia umeota. Kwamba uliogopa vikombe mpaka ulipoanza shule na hakuna mwingine aliyejua kwa nini. Nakuandikia kama alivyosema:

"Mwambie mwanangu kile kikombe cha bluu hakikuwa ndoto. Anisamehe. Atajua ni mimi."

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata nikiwa nimesinzia,

Mama Kifungo