Wakiona Kamera

Jumatatu, 4 Machi

Mhariri kazirudisha picha zote. Eti zinafanana na tangazo la bima! Nilimwahidi hadithi ya kweli ya nyumbani kwetu: mume na mke walioishi chini ya paa moja mwaka mzima bila kusemezana, tangu baba auze cherehani ya mama bila kumwuliza. Wenyewe walikubali niwapige picha. Sasa nikiinua kamera tu, baba anamshika mama bega na kumtania, mama anacheka mpaka magego yanaonekana. Nikiishusha — kimya. Baba ananigeukia mimi: mwambie mama yako chai inapoa. Na mama kakaa pale pale mbele yake. Wananichosha hawa.

Jumatano, 6 Machi

Nimewaomba wanisahau, wafanye shughuli zao. Baba kaitikia kwa kichwa, kisha kaenda kubadilisha shati. Mama kapaka wanja. Nikajikalia pembeni sebuleni, kamera mapajani, najifanya nasoma simu. Wakanuniana vizuri tu. Nikainua kamera polepole — wote wawili wakageuka na tabasamu zao. Karibu nilie. Mhariri anataka picha Ijumaa. Nisipopeleka, nafasi anapewa mwingine.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeipata. Kwa upenyo wa mlango: meza moja, migongo miwili, kila mtu na chupa yake ya chai. Ndiyo hiyo. Ilipasa nifurahi.

Mama kanisindikiza hadi getini. Akauliza kama kesho nakuja na kamera. Nikamwambia kazi imekwisha. Akawa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio.

"Ongeza siku, mwanangu. Baba yako ananisemesha ukiwa nayo."

Nimekasirika njia nzima. Sijui hata namkasirikia nani.

Ijumaa, 8 Machi

Picha sijapeleka. Mhariri kapiga, kapiga tena, nikazima simu. Kamera nimeiweka sebuleni, juu ya kabati la vyombo, nikawaambia leo inapiga yenyewe, mimi nisiwasumbue. Betri ninayo mfukoni. Mpiga picha za kweli, mimi!

Naandika jikoni, mlango nimeurudishia. Mwanzoni walicheka kile kicheko chao cha tangazo. Sasa kimekatika. Baba kamuuliza mama, kwa sauti ya chini, kama mguu bado unamsumbua akilala.

Mama hajajibu. Lakini sijasikia kiti chake kikisogea.